Mikutano Inayoganda Saa Mbili Usiku: Kisa cha Nyumba Moja Iliyotafuta Intaneti Mpya

Kaya inayozungumziwa hapa ina watu saba na, kwa mujibu wa orodha tuliyoisoma ndani ya ruta, vifaa 31 vinavyotumia intaneti. Mama hufanya kazi akiwa nyumbani, na kwa kuwa wenzake wanaishi katika majira mengine ya saa, mikutano yake mingi ya video huangukia jioni. Baba ni mchoraji wa ramani za majengo na hutuma faili kubwa kwa wateja. Binti mkubwa anasoma chuo kikuu kwa njia ya mtandao na hutakiwa kuwasha kamera wakati wa mihadhara. Mdogo wake wa miaka 16 hucheza michezo ya mtandaoni. Mapacha wadogo hutazama katuni, kila mmoja kwenye skrini yake kwa sababu hawajawahi kukubaliana juu ya katuni moja. Na bibi huzungumza kila jioni kwa video na wanawe walio mbali. Juu ya hao wote zipo kamera nne za ulinzi, ambazo hakuna aliyezitaja nilipouliza ni nani anatumia intaneti katika nyumba hii.

Nilipoitwa, swali lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Wenyeji walitaka kujua ni kifurushi kipi chenye kasi kubwa zaidi kwa bei wanayoimudu, kwa kuwa walikuwa wameshaamini kwamba kasi waliyonayo haitoshi. Dalili walizozieleza zilikuwa za kweli: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, picha ya mama huganda katikati ya sentensi, sauti ya mhadhiri hukatikakatika, na mchezo wa kijana huruka kana kwamba umepoteza sekunde nzima. Bibi ndiye aliyeeleza tatizo kwa usahihi kuliko wote, ingawa hakutumia neno hata moja la kitaalamu. Alisema: «Nikimaliza kuuliza hali, kimya. Nikianza kuuliza tena, naye ndiyo anaanza kujibu. Tunagongana maneno mpaka tunachoka.» Mtu mwenye intaneti ya kasi ndogo tu hulalamika kwamba picha ina ukungu. Mtu anayegongana maneno na mwenzake analalamikia kuchelewa, na hayo ni maradhi mawili tofauti ambayo mara nyingi hupewa dawa moja.

Laini iliyokuwapo ilikuwa ya waya wa shaba, ya teknolojia ya VDSL2, iliyouzwa kwa maelezo ya «hadi megabiti 50 kwa sekunde». Baba alikuwa na hakika kwamba anapunjwa, kwa sababu kompyuta yake ilipopakua faili ilionyesha namba 4 tu. Hapo palikuwa na mchanganyiko wa vipimo: kompyuta ilihesabu megabaiti, kifurushi kilihesabu megabiti, na baiti moja ina biti 8. Nilipopima kwa kebo iliyochomekwa moja kwa moja kwenye ruta, kasi ya kupakua, yaani kuleta data nyumbani, ilikuwa megabiti 34, sawa na megabaiti 4 na robo kwa sekunde, na kasi ya kupakia, yaani kuituma nje, ilikuwa megabiti 4. Kupungua kutoka 50 hadi 34 kulitokana na umbali. Ishara ya VDSL2 husafiri kwa masafa ya juu, na masafa hayo ndiyo hufifia kwanza kwenye shaba. Nyumba iliyo takriban kilomita moja kutoka kwenye kisanduku cha mtaa haiwezi kupata kile anachopata jirani aliye mita 200 kutoka hapo, hata wakilipia kifurushi kile kile. Wakala wa mtoa huduma alikuwa amewashauri wahamie kifurushi cha «hadi 100» juu ya waya ule ule. Ushauri huo ungeongeza malipo na kuinua namba ya mkataba, na waya ungebaki na uwezo wake ule ule.

Lazima nikiri kosa langu mwenyewe kabla ya kuendelea. Ruta ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la chuma, nami nilipoiona nilidhani kisa kimeisha. Niliitoa, nikaiweka juu ya rafu katikati ya nyumba, na kasi ya Wi-Fi chumbani kwa mapacha ikapanda kutoka megabiti 6 hadi 30. Kila mtu alifurahi mpaka saa mbili usiku, mama alipoganda tena mbele ya wenzake kama kawaida. Wi-Fi ilikuwa mbovu kweli, na kuitengeneza kulikuwa na faida, lakini si hiyo iliyokuwa ikiwakata maneno.

Jioni iliyofuata tuliandika matumizi ya saa yenye shughuli nyingi, na hapa ndipo kisa kilipogeuka. Upande wa kupakua, filamu ya ubora wa 1080p huhitaji takriban megabiti 5, hivyo mapacha walichukua 10. Mkutano wa mama na mhadhara wa binti vilichukua takriban 3 kila kimoja. Bibi alichukua moja na nusu. Na mchezo wa kijana, kinyume na alivyoshukiwa na wazazi wake, haukufika megabiti moja, kwa sababu mchezo hutuma taarifa ndogondogo mara nyingi na hauhitaji mtiririko mkubwa. Jumla ilikuwa chini ya 20, ilhali laini ilitoa 34. Kwa hiyo, kwa upande ambao matangazo yote huuzungumzia, nyumba hii haikuwa na upungufu wowote.

Upande wa kupakia ulisema habari nyingine. Mkutano wa mama ulihitaji kutuma megabiti 2.5, kamera ya binti 2, video ya bibi 1.5, na kamera nne za ulinzi, zilizowekwa zirekodi mfululizo na kutuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku na mchana, zilihitaji megabiti moja kila moja. Hizo ni megabiti 10 zikipita katika mlango wenye upana wa megabiti 4, na bado hatujahesabu simu za wanakaya ambazo, kila mtu arudipo nyumbani na kuunganisha Wi-Fi, huanza kuhifadhi picha na video za siku nzima bila kumwomba mtu ruhusa. Baba naye alikuwa na desturi ya kutuma faili zake jioni baada ya kazi. Faili ya gigabaiti 3 kwa megabiti 4 huchukua saa moja na dakika 40 iwapo hakuna mwingine anayetumia laini, na kwa saa zile kila mtu alikuwa anaitumia.

Lakini upungufu pekee hauelezi kugongana kwa maneno. Linaloeleza ni foleni. Ruta au modemu inapopokea pakiti, yaani vipande vidogo vya data, nyingi kuliko inavyoweza kuzitoa, huzipanga katika ghala lake la kusubiri, na watengenezaji wengi huliacha ghala hilo liwe kubwa kwa kudhani kwamba kutopoteza pakiti ni fadhila. Chukulia ghala linaloweza kubeba kilobaiti 450: kwa kasi ya megabiti 4, pakiti inayoingia mwisho wa foleni itasubiri sekunde 0.9 kabla ya kutoka nje ya nyumba. Neno moja la bibi lililoingia nyuma ya picha za likizo za mjukuu wake hukaa kwenye foleni hiyo kama abiria mwenye begi dogo aliyesimama nyuma ya mwenye shehena ya kontena. Kipimo kilithibitisha hivyo. Laini ilipokuwa tulivu, safari ya kwenda na kurudi hadi seva ya karibu ilichukua milisekunde 14. Tulipoanza kupakia faili moja kubwa, ilipanda hadi karibu 900. Pendekezo la G.114 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu huchukulia kwamba mazungumzo huenda vizuri iwapo sauti huchelewa si zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na kwamba hakuna mtandao wa mazungumzo unaopaswa kupangwa uchelewe zaidi ya 400. Nyumba hii ilikuwa imevuka mipaka yote miwili. Hata kupakua kuliathirika, kwa kuwa kila kifaa kinachopokea data hulazimika kurudisha risiti za kupokea, na risiti hizo nazo zilikuwa zikisota kwenye foleni ile ile.

Jaribio lililomaliza ubishi halikugharimu chochote: kwa jioni moja tulizima kamera, tukasimamisha uhifadhi wa picha kwenye simu zote, na tukamwomba baba asitume kitu. Mkutano wa mama ulikwenda saa nzima bila kuganda.

Kabla ya kutazama laini mpya, nilitaka kujua kama laini ya zamani ingeweza kuokolewa. Tuliazima ruta yenye uwezo wa kusimamia foleni kwa kanuni ya FQ-CoDel, iliyochapishwa kama RFC 8290 mwaka 2018, ambayo kwa maneno mepesi huwapa watumiaji wote zamu ndogondogo na kutupa pakiti zilizosubiri kupita kiasi ili mtumaji mwenye pupa apunguze mwendo. Tuliiwekea kikomo cha kupakia cha megabiti 3.6, chini kidogo ya uwezo halisi, ili foleni ijengeke ndani ya kifaa tunachokitawala na isijengeke kwenye modemu. Kuchelewa kulishuka kutoka 900 hadi takriban milisekunde 40. Bibi hakugongana tena na mtu. Hata hivyo, picha ya binti ilibaki na ukungu na kamera za ulinzi zilianza kuchelewa kutuma, kwa sababu usimamizi wa foleni hugawa uhaba kwa haki lakini hauondoi uhaba. Laiti nyumba hii ingekuwa na mkutano mmoja tu na isiwe na kamera, ningewashauri wanunue ruta ya namna hiyo na waachane na habari ya kuhama. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu familia nyingi huvunja mkataba na kuchimbiwa laini mpya ilhali tatizo lao lingetibiwa kwa mpangilio wa nusu saa.

Zilibaki njia tatu za kuhamia. Setilaiti tuliiweka kando haraka. Setilaiti za kawaida za mawasiliano hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ishara inayopanda, kushuka, kisha kurudi kwa njia hiyo hiyo hutumia karibu nusu sekunde kwa mwendo wa mwanga peke yake. Hakuna kifurushi kitakachobadilisha hilo. Setilaiti za mzingo wa chini, kama zile za Starlink zinazoruka kilomita mia kadhaa tu kutoka ardhini, zimeondoa kikwazo hicho, lakini huhitaji anga wazi, na nyumba hii imezungukwa na miti mirefu. Kwa aliye mbali na waya wowote ningezungumza tofauti.

Njia ya pili ilikuwa intaneti ya nyumbani ya 5G, iliyotangazwa kwa «hadi 300», na kijana alikuwa wakili wake mkubwa. Tulikubaliwa kukijaribu kifaa kwa wiki moja, nami nilishauri kipimwe mara tatu kwa siku badala ya mara moja baada ya kukifungua. Saa kumi alfajiri kilitoa megabiti 240 za kupakua na 35 za kupakia, namba ambazo zingemfurahisha yeyote. Saa mbili usiku, siku nne kati ya saba, kilishuka hadi kati ya 30 na 90 za kupakua na kati ya 6 na 11 za kupakia, huku muda wa safari ya pakiti ukipanda na kushuka bila mpangilio. Sababu si siri: mnara mmoja hugawanya masafa yake kwa kila aliye ndani ya eneo lake, na watu wote wa mtaa hurudi nyumbani saa zile zile. Megabiti 6 za kupakia hazitoshi mahitaji ya 10, na kipimo cha alfajiri hakina maana kwa nyumba inayofanya mikutano usiku. Kulikuwa na doa jingine. Ruta ya 5G ilionyesha anwani ya nje, yaani namba inayoitambulisha laini kwenye mtandao, inayoanzia 100.70, na anwani zote kati ya 100.64 na 100.127 zimetengwa tangu 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mteja wa namna hiyo huvinjari na kutazama filamu bila shida, lakini baba asingeweza kuifikia kompyuta yake ya nyumbani moja kwa moja akiwa safarini, na baadhi ya michezo ya kijana ingelalamika.

Njia ya tatu ilikuwa faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, na ugumu wake ni kwamba zilikuwa mbili. Mtoa huduma wa kwanza alitoa megabiti 200 za kupakua na 20 za kupakia. Wa pili alitoa 60 kwa 60. Ada zao za mwezi zilikaribiana sana. Karibu kila mtu angechagua ya kwanza kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na kijana alikuwa na hoja nzuri kuliko hiyo: mchezo wa gigabaiti 90 hupakuliwa kwa saa moja kwenye megabiti 200, na kwa saa tatu na dakika 20 kwenye 60. Upande wa pili, faili ya baba ya gigabaiti 3 huondoka kwa dakika 20 kwenye megabiti 20, na kwa chini ya dakika 7 kwenye 60. Kilichoamua ni hesabu ya saa mbili usiku. Nyumba ilihitaji megabiti 10 za kupakia mfululizo. Kwenye 20 ingebaki nusu tu kwa ajili ya faili za baba na picha za simu, na siku mtoto mwingine au mgeni atakapofungua mkutano mwingine, mlango ungeanza kubana tena. Kupakua kulihitaji chini ya 20, na hata kama mapacha wangehamia kwenye filamu za 4K, ambazo huhitaji takriban 15 kila moja, 60 zingetosha. Waliichagua ya 60 kwa 60.

Faiba nayo hushirikiwa, jambo ambalo wauzaji hulipita kimya. Katika mfumo wa GPON, uzi mmoja kutoka kituoni hubeba gigabiti 2.488 za kupakua na 1.244 za kupakia, kisha mwanga wake hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Kama nyumba 32 zingepakia kwa pamoja bila kupumzika, kila moja ingepata chini ya megabiti 39. Hilo hutokea kwa nadra mno, kwa kuwa nyumba nyingi hupakia kidogo, lakini ni haki ya mteja kuuliza nyumba ngapi ziko kwenye uzi wake. Tuliuliza na tukajibiwa kwamba ni 32. Tuliuliza pia hitilafu hurekebishwa ndani ya saa ngapi na ada itakuwa kiasi gani baada ya miezi ya ofa kwisha, na yote mawili tukataka yawemo kwenye mkataba kwa maandishi.

Kazi ya kufunga ilichelewa wiki sita, na kwa muda huo wote ile ruta ya kuazima ndiyo iliyowavusha. Mafundi walipofika, tuliwazuia kuweka kisanduku cha faiba pembezoni kabisa mwa nyumba ambako uzi ulikuwa mfupi kwao. Kilifungwa karibu na katikati, na kebo za Cat5e, zinazobeba gigabiti moja hadi mita 100, zikavutwa hadi ofisi ya mama, meza ya baba na kituo cha pili cha Wi-Fi karibu na chumba cha bibi. Kila kifaa kisichohamahama kinachoingia kwenye kebo huwaachia wengine nafasi kwenye Wi-Fi. Kwenye masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 mikondo isiyoingiliana ni mitatu tu, 1, 6 na 11, na majirani walikuwa wamejaa kwenye 6, kwa hiyo vituo viwili vilipewa 1 na 11. Kisanduku na ruta viliunganishwa kwenye betri ndogo, kwa sababu faiba ya aina hii haihitaji umeme njiani, na taa zikizimika nyumba inaweza kuendelea na kazi mradi pande zake mbili zina nguvu.

Vipimo vya jioni vilivyofuata viliridhisha: milisekunde 6 laini ikiwa tulivu, na 17 wakati kila kitu kikiendelea na baba akituma faili. Mama aliganda mara moja katika mwezi wa kwanza, na uchunguzi ulionyesha kwamba tatizo lilikuwa upande wa mwenzake.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linaloniacha na shaka juu ya uamuzi wetu. Miezi miwili baadaye wenyeji walibadilisha mpangilio wa kamera ili zitume picha pale tu zinapoona kitu kikitembea, kwa sababu hifadhi ya mtandaoni ilikuwa inajaa. Megabiti 4 za mfululizo zikawa karibu na sifuri. Mahitaji ya kupakia yakashuka hadi 6, na kwa mahitaji hayo kifurushi cha 200 kwa 20 kingetosha bila kubana, na kijana asingekuwa anaacha kompyuta ikipakua michezo usiku kucha. Mpangilio huo ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Nilizihesabu kamera kama jambo lisilobadilika na sikuuliza zinatuma nini wala kwa nini. Kijana amelitambua hilo na amelikumbusha kwa adabu zaidi ya mara moja. Mkataba ni wa miezi 12, na tumekubaliana naye kwamba mwezi wa 11 ataiandika upya orodha ya matumizi ya saa mbili usiku, safari hii yeye mwenyewe.